Trekta la Mzee Noki

Watu wa mtaa ule hawana dogo. Trekta lilipokuja likivutwa kwa mnyororo, magurudumu mawili yana upepo na mawili hayana, wenye maduka walitoka nje, waliokuwa wananyolewa wakatoka na shuka shingoni, na muuza mkaa akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, kama Fundi amefungua gereji au makaburi ya vyuma.

Fundi hakumjibu. Siku nyingine angempa jibu la kumsahaulisha bei ya mkaa wake, maana ulimi Mungu hakumnyima. Miaka kumi na saba ya kuwa mwanamke pekee mwenye gereji katika mji ule ilikuwa imeunoa vya kutosha. Lakini siku hiyo macho yake yalikuwa uani, kwenye kiti cha mbao ambacho baba yake hukalia akishona viatu vya watu. Mzee aliinua kichwa, akalitazama trekta kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha akainuka, akageuza kiti, akakaa tena akiwa ameelekea ukutani. Akachukua sindano yake, akaendelea na soli.

Basi na ieleweke mapema kwamba mzee alikuwa na haki ya kugeuza kiti. Trekta lile lilikuwa la shamba kubwa lililoko ng'ambo ya reli, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Miaka thelathini na minane nyuma aliifungua injini yake, akaitengeneza, akaifunga. Siku ya tatu ya kulima, mbele ya wafanyakazi wote, trekta lilitoa mlio mmoja wa kuumiza meno, likasimama katikati ya tuta, na halikuamka tena. Gereji wanasema injini imenoki: vyuma vimeumana ndani, joto limepanda, na kilichokuwa kikizunguka kimekamatwa. Msimamizi wa shamba alimfukuza kazi palepale, hata spana zake hakumruhusu kuzifuta. Akaapa kwamba hakuna atakayeifungua tena injini iliyofungwa na mjinga, akaagiza trekta lisukumwe nyuma ya ghala. Na kabla jua halijazama, dereva wa trekta lile, mtu wa maneno kuliko kazi, alikuwa ameshambandika fundi jina: Bwana Noki.

Majina ya kubandikwa hayaombi ruhusa. Bwana Noki akawa Baba Noki, na mvi zilipoingia akawa Mzee Noki. Mkewe akawa Mama Noki, na watoto wakawa watoto wa Noki. Hakushika spana tena. Alijifunza kushona viatu, akashona viatu vya mji mzima, na wenye viatu walimwambia asante Mzee Noki bila hata kukumbuka kwamba wanamtukana.

Nyumbani kulikuwa na maelezo yao. Mama yake Fundi, Mungu amrehemu, alisema mpaka anaingia kaburini kwamba ilikuwa oili: shamba lilipewa oili mbovu, ikaziba njia, injini ikakauka, kosa akatwikwa mnyonge. Mzee mwenyewe hakuwahi kusema ilikuwa oili, na hakuwahi kusema haikuwa. Ukitaja trekta mbele yake, alitafuta kiatu cha kushona. Lakini Fundi aliyameza maneno ya mama yake tangu utotoni na akayapigania kwa ngumi. Mara ngapi alirudi kutoka shule kola ya sare inaning'inia, amekunjana na mtu aliyemwita Noki! Baba yake alikuwa anakaa chini, anaishona kola ile kwa uzi wa viatu, taratibu, bila kuuliza nani alianza. Kola za Fundi ndizo zilizokuwa imara kuliko zote darasani.

Kwa hiyo shamba lilipopata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akasema kila mwenye mnyororo aje achukue chuma chakavu, Fundi alifunga gereji asubuhi ileile. Mnyororo alikuwa nao.

Dereva alifika siku ya pili. Siku hizi alikuwa mzee wa mkongojo, mwenye kushinda kwa kinyozi akihadithia habari za zamani ambazo yeye ndiye shujaa wake. Alilizunguka trekta, akapigapiga boneti kwa fimbo.

"Unataka kulifufua?" akauliza.

"Nataka kulifungua," Fundi akasema. "Nione kilichonoki, na nione sababu."

"Sababu inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Binti yangu, lisemwalo lipo."

"Basi kaa hapo ulitazame lisemwalo," Fundi akasema. "Nikikuta ilikuwa oili, utafanya nini?"

Waliokuwa kwa kinyozi walikuwa wameshasogea. Dereva akaona macho ya watu, na mtu wa maneno akiona macho ya watu hawezi kurudi nyuma.

"Ukikuta oili," akasema, "nitakuja hapa, mbele ya hawa hawa, nimwombe baba yako radhi. Na jina lile halitatoka tena mdomoni mwangu. Lakini ukikuta ni mkono wake, na wewe useme hivyo hivyo. Usifiche."

"Nitasema."

"Ahadi ni deni."

"Nimesikia."

Uani, sindano ilikuwa imesimama. Kisha ikaendelea.

Shangazi yake Fundi, mdogo wa yule mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akipika pale nyumbani na kutoa hukumu za mambo yote, alileta chai gereji akakuta mpwa wake amelala chini ya trekta, miguu tu ndiyo iko nje.

"La kuvunda halina ubani," akaiambia ile miguu. "Hicho chuma kimeoza, mama. Na kama unataka kujua kilichotokea, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata imekaa pale uani inashona viatu. Kaiulize."

"Nimeuliza tangu nina miaka saba, shangazi."

"Na ikasema nini?"

"Ikaomba nta ya uzi."

Shangazi akacheka mpaka chai ikamwagika. Alimpenda kaka yake, lakini alimjua.

Fundi alifanya kazi ile kwa saa za kuiba, magari ya wateja yakishatoka. Kwanza alitoa majani yaliyoota kwenye kiti, kisha viota vitatu vya ndege, kisha familia ya panya iliyokuwa ikiishi kwa raha ndani ya kichujio cha hewa. Alipokwangua kutu kwenye boneti akakuta rangi, nyekundu ya matofali mapya, na mikono yake ikasimama yenyewe. Aliikumbuka rangi ile. Alikumbuka asubuhi za shamba, nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu mbili, na mlio wa trekta ukija kabla ya jua, du-du-du-du, polepole, mpaka vifuniko vya masufuria vinatetemeka ukutani. Hakuna mtoto aliyehitaji kuamshwa. Mama yake alikuwa akisema, "Haya, baba yenu ameshaliamsha," kama vile trekta ni mtu wa nyumba ile, na pengine kweli lilikuwa. Baba yake wakati huo alikuwa kijana mwenye kutembea kifua mbele. Alinuka dizeli, na Fundi alidhani baba wote hunuka hivyo. Alipomsalimu baba wa rafiki yake aliyenuka sabuni, alimwonea huruma rafiki yake.

Ilimuuma kukumbuka kile kifua. Hakukiona tena baada ya siku ya tuta.

Injini ilikuwa imekamatwa kweli. Alifungua nozeli nne, vile vibomba vya kurushia dizeli, akamimina dizeli na oili kidogo katika kila tundu, akaacha iloweke. Kila asubuhi alichomeka mtaimbo mbele na kujaribu kuizungusha. Siku kumi hakuna kitu. Siku ya kumi na moja ikasogea unene wa kucha, na Fundi akajikuta amekaa sakafuni anacheka peke yake. Wiki ya tatu aliitoa injini kwa winchi, akamwaga oili yake kwenye beseni, akaigeuza chini juu kwenye meza ya kazi, akafungua sampu, lile karai la chini linalokaa oili.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito, lakini ilikuwa oili. Haikuwa na mchanga wala maji, wala ule uji wa oili iliyochakachuliwa ambao Fundi anaujua kwa kidole. Akapuliza njia zake kwa hewa ya kompresa, moja baada ya nyingine, na upepo ukatoka upande wa pili bila kizuizi. Akafungua pampu ya oili, meno yake yalikuwa mazima. Kisha akatazama pale ilipoumana. Injini ile ina pistoni nne, na kila pistoni imeshikwa na konrodi yake, mkono wa chuma unaokwenda chini kuikumbatia krenki, ule mhimili mzito unaozunguka. Konrodi inaikumbatia krenki kwa kofia, nusu-duara ya chuma inayofungwa kwa bolti mbili. Ya kwanza na ya nne zilikuwa safi, zinang'aa. Ya pili na ya tatu zilikuwa zimeungua mpaka zimekuwa bluu. Oili ikikosekana, haichagui wa katikati.

Alizisafisha zile mbili kwa dizeli na mswaki. Kofia na konrodi hutengenezwa kwa pamoja kiwandani, chuma kimoja kinachokatwa baadaye, na kofia ya huyu haimwingii yule. Tofauti ni ndogo kuliko unywele, lakini krenki ikizunguka inaijua. Pale kwenye maungio, kisu cha kiwandani kilikuwa kimeacha mikwaruzo midogo, na mikwaruzo ya kofia ya pili haikukutana na ya konrodi yake. Fundi akaisogeza kofia ile kwenye konrodi ya tatu. Mikwaruzo ikakutana yote, kama karatasi iliyochanwa ikirudishiwa nusu yake. Akajaribu ya tatu kwenye ya pili, nayo ikakubali.

Zilikuwa zimebadilishana. Aliyefunga injini alizibadilisha.

Fundi akakaa juu ya ndoo. Kosa lile hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huonywa asilifanye, ndiyo maana kila fundi hugonga alama kwa tindo kabla ya kufungua. Aliona aibu, kisha akaona aibu ya kuona aibu juu ya baba yake. Alifikiria zile ngumi zote za shuleni. Alimfikiria mama yake, aliyeipigania oili hadi pumzi ya mwisho, na akashukuru kwamba hayupo. Kisha akamfikiria Dereva na wale watu wa kwa kinyozi, na ile "nitasema" aliyoitamka kwa kiburi. Akaamua hatasema. Mtu amebeba mzigo miaka thelathini na minane. Binti yake hawezi kuwa ndiye anayemwongezea jiwe.

Akagonga alama kwenye kofia zote kwa tindo, akapeleka krenki na konrodi kwa mchongaji wa vyuma, na ziliporudi zimenyooshwa, alikwenda uani akachuchumaa mbele ya kile kiti kilichogeuzwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Nimepata kilichonoki. Ilikuwa oili, kama alivyosema mama. Njia iliziba."

Sindano ikasimama. "Njia ipi?"

Fundi hakutegemea swali. "Ile ya katikati."

Mzee aliuvuta uzi mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu utoto, "Injini ile njia ya katikati ndiyo inayolisha ya nne. Ikiziba ya katikati, ya nne inakuwa ya kwanza kukauka. Ya nne ilikauka?"

Hakuwa ametaja injini ile tangu siku ya tuta, na sasa aliitaja kama aliyeifunga jana. Fundi alitazama chini.

"Haikukauka," akasema.

"Basi." Mzee akachoma sindano kwenye kiatu, akaweka kiatu chini, akainuka. Alipita kando yake, akaingia gereji. Gereji aliyolala ubavuni mwake miaka kumi na saba bila kukanyaga mlango wake.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza. Akachukua kofia ya pili, akaipitisha kidole kwenye maungio, kisha ya tatu.

"Umeziona," akasema.

"Nimeziona."

"Nani mwingine ameziona?"

"Hakuna."

"Una gunia?"

Fundi akaleta gunia. Mzee akalikung'uta, akalitandaza sakafuni, akapiga magoti kwa shida, na akaanza kupanga. Konrodi nne juu, kuanzia upande wa rejeta kwenda upande wa kiti cha dereva. Mbele yake akapanga kofia nne, kila moja ikitazama ya kwake.

"Fundi aliyenifundisha alitufundisha hivi," akasema. "Hatukugonga alama. Kugonga alama ilikuwa kazi ya wasahaulifu. Unapanga kwenye gunia, na gunia haligeuzwi, halirukwi, haliguswi. Tulikuwa tunajivuna nalo." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ujana."

Lakini Fundi alikuwa haisikii tena sauti ya baba yake. Alikuwa anazitazama kofia. Zilikaa safu moja, wima, kila moja na matundu yake mawili ya bolti, macho mawili mawili yanamtazama. Zilimtazama namna hiyo zamani. Sakafu ilikuwa ya saruji yenye madoa, mlango ulikuwa mkubwa wa mabati, na yeye alikuwa ametumwa na mama yake kuleta chakula cha mchana, bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Baba yake alikuwa ameitwa na msimamizi. Alimwambia, kaa hapo, usiguse kitu. Naye alikaa, na alikaa, na pale chini palikuwa na wanafunzi wanne wamekaa safu moja wakimsubiri mwalimu. Dada zake walikuwa shule. Yeye alikuwa bado, ana miaka mitano, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama shule.

"Baba," akasema. "Nilikuwa nacheza shule."

Mzee aliendelea kunyoosha pembe ya gunia.

"Nilimhamisha mmoja. Nilimbadilisha na mwenzake."

"Alikuwa anaongea darasani," mzee akasema. "Niliporudi ulikuwa unamwambia anyamaze."

Fundi akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Alilia kama ambavyo hakulia hata kwenye msiba wa mama yake, na mzee akamwacha alie, kwa sababu alikuwa amepiga magoti na kuinuka kwake ni shughuli.

"Ulijua," akasema alipopata pumzi.

"Siku ile sikujua. Niliona mikono umeiweka nyuma, nikajua umegusa. Nikaangalia, nikaona nne ziko nne. Nikafunga. Nilipoizungusha kwa mkono niliisikia nzito kidogo. Moyo ukaniambia, fungua tena. Lakini mvua ilikuwa imetangulia, msimamizi amesimama mlangoni na saa yake, na mimi ndiye fundi asiyesahau. Lilipolia kwenye tuta ndipo nikaelewa." Akaitazama mikono yake. "Kwa hiyo kosa ni langu, mama. Mtoto kazi yake ni kucheza. Usinipunguzie."

"Na miaka yote hii? Nilikuwa napigana shuleni, baba. Unanishonea kola. Kwa nini hukusema?"

Mzee akachukua kofia ya kwanza, akaifuta kwa kiganja.

"Lete oili," akasema. "Tufunge."

Walifunga kwa siku nne. Siku ya kwanza mzee alielekeza tu kwa kidole. Siku ya pili akachukua spana, akaizungusha mkononi kama mtu anayesalimiana na jamaa aliyemkosea zamani, akaanza. Alimkemea Fundi kwa kukaza kwa haraka. Fundi, ambaye mafundi wanaume wa mji mzima hawathubutu kumkemea, alisema ndiyo baba, akalegeza, akakaza upya. Mzee alikuwa na wimbo wa mluzi usio na mwisho, anauanza anapotafuta kitu na kuukata anapokipata. Fundi alikuwa ameusahau kabisa. Sasa aliusikiliza na akatamani vitu vizidi kupotea.

Shangazi alileta chai, akawakuta wamepeana migongo wanabishana juu ya gasketi. Akaweka chai chini bila neno. Kwa shangazi, hilo ni tukio.

Siku ya kuliwasha, habari ilitangulia mbele yao. Kinyozi alifunga duka, na muuza mkaa akaja na kigoda chake. Dereva alisimama mbele kabisa, mkongojo mikononi, amevaa shati la kupigwa pasi, maana aliona kuna kuomba au kuombwa radhi na vyote viwili vinataka shati.

Fundi alipanda kitini. Mzee alisimama kando ya injini, kiganja juu ya chuma. Alipotikisa kichwa, Fundi akabonyeza. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Watu wakaguna. Mzee akalegeza nati moja ya bomba la dizeli, akaacha hewa ifoke, akakaza, akatikisa kichwa tena. Injini ikazunguka, ikashika mara moja, ikashika mara mbili, kisha zote nne zikakubaliana: du-du-du-du, polepole, na mabati ya gereji yakaanza kutetemeka. Wazee kadhaa waliowahi kufanya kazi shambani walisogea karibu. Mmoja alivua kofia yake bila kujua kwa nini ameivua. Mzee alifumba macho, kiganja kiko palepale, na Fundi akiwa juu ya kiti aliona kifua cha baba yake kinapanda.

Dereva alisubiri watu wamalize kupiga makofi. Kisha akasogea.

"Haya, Fundi," akasema kwa sauti ya kushinda mlio. "Ahadi ni deni. Ilikuwa oili?"

"Ilikuwa mimi," mzee akasema, kabla binti yake hajafungua mdomo. "Nilikosea kufunga. Haya, umesikia, nendeni."

"Si kweli." Fundi akashuka. Sauti alikuwa nayo, na akaitoa yote. "Oili ilikuwa nzima. Kofia mbili zilibadilishwa, na aliyezibadilisha ni mimi. Nilipeleka chakula, baba akaitwa, nikachezea vyuma vyake. Nilikuwa na miaka mitano. Mimi ndiye niliyeinokisha injini hii, na baba alijua."

Muuza mkaa akainuka kigodani. Trekta liliendelea kunguruma. Dereva alimtazama Fundi, kisha mzee, kisha Fundi tena, kama mtu anayehesabu na hesabu haikubali. Mkongojo ulimteleza, akaushika.

"Bwana wee," akamwambia mzee, na sauti ilikuwa imemshuka. "Nimekuita jina lile dukani, misibani, kwenye harusi ya huyuhuyu. Nimewafundisha wanangu wakuite. Miaka thelathini na minane. Neno moja tu, mtoto alichezea vyuma, lingekutoa. Si ungesema?"

Mzee alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ningesema," akamuuliza, "ungemwita nani?"